Je, wajua jinsi barua za Dk. Burkitt zilivyochora ramani ya saratani ya watoto?

Kwa nini saratani moja ya watoto huonekana zaidi katika nyanda za joto, na kupungua kadiri mtu anavyopanda mlima? Mkazi wa Moshi ana sababu ya kuuliza swali hili, kwa kuwa hali zote mbili anazo karibu: chini kuna tambarare yenye joto, mashamba ya mpunga na mbu wengi, na mwendo mfupi wa daladala kwenda juu kuna vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Marangu na Kibosho, ambako usiku huwa wa baridi na mbu ni wachache. Njia ya kuelekea kwenye jibu ilifunguliwa kwa barua za posta. Aliyezituma alikuwa Dk. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Haukupita muda mrefu akamkuta mtoto wa kike mjini Jinja mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Burkitt akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, akaona kwamba watoto wa aina hii walikuwa wengi, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu ugonjwa huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Hapo ndipo posta ilipoingia. Kwa ruzuku ya pauni 25 tu, alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto waliougua, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko walikuwa wamewahi kuuona uvimbe wa namna hiyo. Kwa maoni yangu, ubora wa kazi hii ulikuwa katika wepesi wa swali. Daktari aliye peke yake katika hospitali ya kijijini, bila maabara ya maana na akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni, hakuhitaji kuandika ripoti. Alitazama picha, akakumbuka watoto aliowatibu, akajibu. Kila jibu la ndiyo liliwekewa pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani ofisini.

Hata hivyo, majibu ya hapana yalikuwa na thamani sawa na yale ya ndiyo, na jambo hili halitajwi inavyostahili. Pini peke yake zingeonyesha tu mahali wagonjwa walipo. Hospitali zilizojibu kwamba hazijawahi kumwona mtoto wa namna hiyo ndizo zilizoonyesha mpaka ulipo. Ukanda mpana ukajitokeza katikati ya bara.

Ili kuuhakiki mpaka huo, mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, Burkitt na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizitembelea hospitali zinazokaribia 60 katika muda wa wiki 10 hivi. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa haba juu ya mita 1,500, lakini kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilikuwa kikishuka. Kama kimo chenyewe ndicho kilichokuwa kizuizi, kisingebadilika kutoka nchi hadi nchi. Kizuizi kilikuwa baridi: ugonjwa ulikuwa nadra mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na vilevile mahali penye mvua chache. Masharti hayo yanafanana mno na yale yanayotawala mbu na malaria.

Leo tunajua kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha kinga yake dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr, na kwamba viwili hivyo kwa pamoja huandaa njia ya saratani hii. Kirusi chenyewe kilipatikana kutokana na mawasiliano mengine ya Burkitt. Alipotoa mhadhara London mwaka 1961, mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, na baada ya hapo vipande vya uvimbe vikawa vinatumwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1963, ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kifurushi kikachelewa. Kilipofika, maji ya chupani yalikuwa na ukungu kana kwamba yameoza, lakini chini ya hadubini zilionekana seli hai za saratani zikielea. Seli hizo ziliweza kuoteshwa maabara, na ndani yake kirusi kikaonekana mwaka 1964.

Wazazi wafahamu kwamba uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, ila pia huitikia dawa vizuri mno ukiwahiwa. Mtoto anayevimba taya apelekwe hospitali bila kungoja.

Burkitt hakuacha kuandika. Alipohamia Uingereza mwaka 1966, aliendelea kupeleka maswali kila mwezi kwa hospitali zipatazo 150, nyingi za misheni, safari hii akiuliza ni wagonjwa wangapi wa kidole tumbo na wa maradhi mengine ya utumbo waliowaona, na majibu yao yakawa sehemu ya msingi wa hoja yake kwamba chakula chenye nyuzinyuzi hulinda afya.