Je, ni kweli Notre Dame ndio waliobuni pasi ya mbele?

Ukisimuliwa jinsi Notre Dame, chuo cha Indiana, kilivyopata jina katika futiboli ya Kimarekani, utaanzishiwa tarehe 1 Novemba 1913. Siku hiyo vijana wake walikwenda West Point kucheza na chuo cha jeshi. Gus Dorais alirusha, Knute Rockne akadaka, Notre Dame wakashinda 35 kwa 13. Ndipo pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kwa mkono kuelekea upande wa wapinzani, ilipozaliwa, wengi husema.

Sivyo. Pasi hiyo iliruhusiwa mwaka 1906, baada ya msimu uliotangulia kuua wachezaji kadhaa na Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati, akitaka hatari ya mchezo ipunguzwe. Tarehe 5 Septemba 1906, mjini Waukesha, Wisconsin, Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha ya kwanza. Ikaanguka bila kuguswa, na kwa sheria ya wakati huo wapinzani wakapewa mpira! Baadaye akamrushia Jack Schneider, na hiyo ikazaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Msimu ule Saint Louis, chini ya kocha Eddie Cochems, hawakufungwa hata mechi moja. Heshima hii ni yao, na inasikitisha kwamba wachache wanawataja.

Adhabu kama hiyo ya kupoteza mpira ndiyo iliyowafanya makocha wengi waiogope pasi. Mambo yalilegea mwaka 1912: kikomo cha yadi 20 kwa urefu wa pasi kiliondolewa, na mpira ukafanywa mwembamba zaidi.

Walichofanya Notre Dame ni kuonyesha pasi inavyomvuruga mlinzi. Fikiria daladala ambayo abiria wote wanagombea mlango mmoja: konda akisimama pale, kazi imekwisha. Abiria wakianza kuingilia madirishani, konda akiyakimbilia, mlango unabaki wazi. Jeshi, yaani timu ya West Point, walijibana katikati, Dorais akawapita kwa juu; walipotawanyika kuzikaba pasi, Ray Eichenlaub, mtu wa kifua kipana, akapenya katikati na mpira mkononi.

Wala haikuwa bahati. Kiangazi kile Dorais na Rockne walikuwa wakifanya kazi Cedar Point, Ohio, na ufukweni hapo Rockne alijizoeza kudaka huku anakimbia, badala ya kusimama kuusubiri mpira. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 14 kwa 13 tu. Kipindi cha pili Jeshi hawakupata hata pointi.

Jeshi nao walijifunza upesi. Mwezi huohuo waliwafunga Wanamaji, timu ya chuo cha jeshi la majini, 22 kwa 9, wakitumia pasi.