Puli ya 15 Si Nguvu 15

Wiki hii ni mara ya tatu. Kijana ananiandikia: "Shikamoo fundi. Nina Mini Cooper S, ile ya supachaja. Nataka puli ya 15 nipate nguvu asilimia 15. Au niruke moja kwa moja hadi ya 19?"

Marahaba, mdogo wangu. Vuta kiti. Kwa asiyejua, supachaja ni pampu ya kusukumia injini hewa, nayo inazungushwa na mkanda kupitia puli yake.

Mimi nakaa Ipuli, hapa Tabora mjini, na watani wangu husema ndiyo maana maisha yangu yote ni puli. Kabla ya magari nilikuwa fundi wa mashine za kusaga na kukoboa. Mpaka leo mwenye mashine ya kusaga ananielewa upesi kuliko mwenye Mini. Mwambie tu kwamba puli ya kinu ikiwa ndogo, kinu kitakimbia na mota italalamika. Hana swali la pili. Mwenye Mini ana maswali kumi, na yote kayatoa kwenye tangazo la muuza spea.

Gari lenyewe ni R53, la 2002 hadi 2006: injini ya Tritec lita 1.6 kutoka Brazil, supachaja ya Eaton M45, na kwa matoleo ya mwanzo nguvu farasi 163. Asilimia 15 ya 163 ni farasi 24 na ushee. Hao 24 ndio wateja wangu wanakuja kuwadai, na mimi sinao.

Kwanza hiyo 15 ni ya kipenyo. Kama puli ya kiwandani ingekuwa 100, hii ni 85. Mkanda unapita kwa mwendo uleule, puli imepungua, basi gawanya 100 kwa 85: supachaja inazunguka haraka zaidi kwa asilimia 17.6. Ya 19 je? 100 kwa 81, asilimia 23.5. Kwenye boksi unaona umepanda hatua nne, kumbe shafti imepanda karibu sita. Namba ya kwenye boksi anaihitaji aliyekereza chuma. Injini haijui kusoma boksi.

"Aaa, kwa hiyo nguvu ni 17!" Hapana. Na hapa ndipo huwa napandwa na hasira, kwa hiyo nivumilie.

Supachaja ya aina hii asili yake ni ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya mashine yao mwaka 1860. Haikuwa ya gari, ilikuwa ya kusukuma hewa tu. Na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake: inachota hewa upande huu, inaibeba pembeni mwa rota, inaimwaga upande wa pili. Ndani yake haibani kitu. Presha inazaliwa huko mbele, hewa inapofika mlangoni mwa valvu na kukuta foleni. Kwa hiyo geji ya presha inakuonyesha ukubwa wa foleni, haikuonyeshi nguvu. Nilikuwa na mteja aliyepanua ekzosi, geji ikashuka, akaja amenuna kama kaibiwa. Gari lake lilikuwa linakimbia kuliko jana. Foleni ilikuwa imepungua kwa sababu hewa ilikuwa inapita! Nilitumia nusu saa na chupa mbili za soda kumweleza, na bado aliondoka akiitazama geji.

Na kuvuta hiyo supachaja si bure. Kazi ya kuizungusha ni kiasi cha hewa inayobebwa mara tofauti ya presha ya pande mbili. Kiasi kimepanda kwa asilimia 17.6. Presha, tuseme ilikuwa kama PSI 12 (PSI ni kipimo cha presha) juu ya hewa ya nje kule pwani, inapanda hadi karibu 16.7. Zidisha: mzigo kwenye mkanda umepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Sita, sifuri. Mzigo huo unabebwa na krenki ileile unayotaka ikupe nguvu. Halafu hewa iliyosukumwa hivyo inatoka ya moto, na intakula ya gari hili, yaani kipoza hewa, imekaa juu ya injini, inategemea upepo wa tundu la boneti. Ukikwama nyuma ya lori la tumbaku la Urambo, hakuna upepo, kuna joto la injini tu linalopanda. Hewa ya moto ni nyepesi, na injini ikianza kugonga, yaani mafuta kuwaka ovyo ndani ya silinda, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inarudisha taimingi ya cheche nyuma. Ulichonunua kinaondoka kimyakimya, bila taa yoyote kwenye dashibodi.

Sasa la Tabora, ambalo hakuna tangazo litakalokwambia.

Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kule Dar es Salaam hewa yenyewe ina PSI 14.7; hapa ni karibu 12.8. Supachaja haizalishi hewa, inazidisha ile iliyoikuta. Gari likiwa na puli ya kiwandani, Dar injini inakula 14.7 na 12 za supachaja, jumla 26.7. Lilete hapa: uwiano ni uleule lakini jumla inashuka hadi kama 23, na geji itasoma 10 na ushee. Ndiyo maana kila anayehamia Tabora na R53 anakuja kuniambia mkanda unateleza. Mkanda hautelezi, kaka. Umepanda mlima.

Weka puli ya 15 hapahapa Tabora: 23 na kitu mara 1.176 unapata kama 27. Linganisha na 26.7 za Dar. Umeelewa umenunua nini? Umelipa puli, mkanda na siku nzima ya fundi ili gari lako livute hapa kama linavyovuta gari la mwenzako kule pwani ambaye hajagusa boliti. Sisemi usinunue. Nasema ujue unanunua nini. Kigoma wako chini yetu kwa mita mia nne na zaidi, kandokando ya ziwa, wao wana nafuu kidogo.

Na ubaya unakuja safarini. Gari umelifunga hapa, umelijaribu hapa, halijagonga hata siku moja. Pasaka unashuka: Manyoni, Dodoma, Morogoro, na hewa inakuwa nzito kadiri unavyoikaribia pwani. Ukifika Dar jumla ni zaidi ya 31, joto la pwani, foleni ya Ubungo, na petroli uliyojaza sheli ya njiani. Huko ndiko linakogonga. Mimi nikifunga ya 15 naweka na plagi baridi hatua moja, yaani inayopoza ncha yake upesi zaidi, hilo sijadili. Ya 19 siifungi kabisa bila nozeli kubwa za mafuta na programu ya kontrol boksi, na kwa matumizi ya Tabora kwenda Nzega sioni kwa nini.

Kufunga kwenyewe nisiwachoshe. Puli imeshindiliwa kwenye shafti, inataka pula ya kushika mifereji yake pande zote. Ukiigonga kwa nyundo, beringi za mbele zimekufa na hutajua mpaka zianze kulia. Mpya naipasha moto kwenye mafuta kama ninavyopasha beringi, inaingia. Sufuria iliyofanya kazi hiyo ya kwanza mke wangu aliitambua kwa harufu. Sasa nina yangu.

Kuna mambo mawili ambayo hata mimi huwa nayageuza kichwani. La kwanza ni mkanda: wengine wanarudisha wa urefu wa kiwandani, wengine wanaweka mfupi kidogo. Nimefanya vyote viwili. Mfupi unashika vizuri lakini tensheni, yaani kikaza mkanda, inabaki na nafasi ndogo ya kucheza. Wa kawaida unalia siku za mvua. Siku hizi naweka mfupi, ila nikiulizwa sababu huwa najibu kwa sauti kubwa kuliko uhakika nilionao. La pili ni hesabu zangu zenyewe. Rota hazigusani, hewa inavuja katikati, na ikizunguka haraka sehemu inayovuja inapungua huku joto likiongezeka. Hayo mawili yanavutana. Hapa sina mashine ya kupima nguvu. Nina saa, barabara ya Sikonge alfajiri, na kutoka 60 hadi 100 kwa gia ya tatu, kwenda na kurudi. Magari niliyoyapima hivyo yote yalikuwa mepesi zaidi baada ya puli. Hakuna hata moja nililoweza kuapa kuwa ni asilimia 15.

Kijana aliuliza pia kama itakula mafuta zaidi. Ukienda polepole, valvu ya baipasi iko wazi, hewa inazunguka tu, tofauti ni ndogo. Ukikanyaga, itakula. Ndicho ulichonunua.

Kilichobaki ni kile ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza. Pampu ya maji ya gari hili haivutwi na mkanda moja kwa moja, inazungushwa na gia zilizo nyuma ya supachaja. Gia hizo zina oili yake kidogo, ambayo kiwanda kiliifungia humo kana kwamba itadumu milele. Haidumu. Ikikauka, meno yanakatika, pampu inasimama, na injini inachemka huku kila kitu mbele kikionekana kinazunguka sawasawa. Sasa wewe unataka kuzizungusha haraka zaidi, kwenye gari la umri wa miaka ishirini hivi au zaidi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, lete gari kabla ya Pasaka. Tutaishusha supachaja nzima, tufungue nyuma kwanza. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hela ya puli itaishia huko, na usininunie.