Spiriti haiondoi sukari kidoleni

Wengi wamezoea kufuta kidole kwa pamba yenye spiriti kabla ya kupima sukari, wakiamini hapo kidole ni safi. Spiriti huua vijidudu, ndiyo. Sukari ya embe au chungwa ulilomenya punde haiondoki nayo vizuri, na hapo ndipo namba hupotoka.

Mashine nyingi za siku hizi hutumia damu chini ya mikrolita 1. Kwa mtu mwenye sukari ya 5.5 mmol/L, tone la mikrolita 0.6 lina takribani mikrogramu 0.6 tu za glukosi, yaani sukari ya damu. Mabaki ya tunda usiyoyaona kwa macho yanatosha kuipandisha namba hadi 10 au zaidi, na anayejidunga insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kushukiwa na sukari vibaya.

Nawa kwa sabuni na maji, ya uvuguvugu yakipatikana kwa kuwa huvuta damu vidoleni, kisha kausha kabisa: unyevu, wa maji au wa spiriti, huzimua tone. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Katikati panauma zaidi. Damu ikigoma, shusha mkono na ukande kuanzia kiganjani. Kuminya kwa nguvu huchanganya damu na majimaji ya mwilini.

Huna maji? Futa tone la kwanza kwa pamba kavu, pima la pili. Spiriti ikiwa ndiyo pekee uliyonayo, itumie, lakini subiri ikauke.