Mashine Imekubali, Lakini Pesa Bado Haijakatwa

Sisi tuliofika Marekani tukiwa tumezoea M-Pesa tunakuja na imani moja nzito kuhusu pesa: ukilipa, ujumbe unaingia papo hapo, na salio unalosomewa ndilo salio lako. Kadi ya benki ya huku haiendi hivyo. Nimeishi Columbus, Ohio, miaka kadhaa sasa, na kila ninapomsindikiza ndugu aliyefika karibuni kwenda kufungua akaunti nasikia maneno yaleyale ambayo mimi mwenyewe niliyaamini hadi yakanigharimu.

"Mashine imekubali, basi pesa imeshatoka."

Bado. Malipo ya kadi yana hatua mbili. Ya kwanza ni pale kaunta: mashine inaiuliza benki kama pesa ipo, benki inaitikia na kukizuia kiasi hicho. Hapo ndipo kwenye programu ya simu unaona neno "pending". Hatua ya pili ni muuzaji kupeleka madai yake benki, na pesa kukatwa kweli. Katikati inaweza kupita siku moja, mbili, au zaidi zikiangukia wikiendi au sikukuu, maana benki huhesabu siku za kazi tu.

Na kiasi kilichozuiwa si lazima kiwe kiasi kitakachokatwa. Mgahawani benki huulizwa bei ya chakula kabla hujaandika bakshishi, kwa hiyo sahani ya dola 40 inakuja kukatwa dola 48. Kwenye pampu ya mafuta mambo ni mabaya zaidi. Pampu haijui utajaza kiasi gani, hivyo vituo vingine huomba dola 1 tu ya kuijaribu kadi, na vingine huzuia dola 100 au zaidi, hata kama umetia mafuta ya dola 20. Pesa hiyo hurudi, ila kwa saa kadhaa au siku nzima huwezi kuigusa, na bili ikiingia wakati huo inakukuta mtupu. Mwenye salio dogo aingie ndani akamlipe keshia kiasi anachotaka, kisha ndiyo ajaze.

"Salio limerudi juu. Duka limenisahau."

Hili ndilo lililonipata mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na dola 96. Alhamisi nikanunua vyakula vya dola 41, salio likashuka hadi 55. Jumapili naangalia simu, zimerudi 96 na ununuzi haupo kwenye orodha. Nikashukuru Mungu, nikanunua viatu vya kazi vya dola 60. Jumatatu duka la vyakula likaleta madai yake. Akaunti ikaingia hasi kwa dola 5, na kwa dola hizo 5 benki ikanitoza 35.

Kizuizi kina muda wake. Muuzaji akichelewa, benki hukiachia na pesa huonekana huru, lakini deni liko palepale na muuzaji bado ana haki ya kulidai. Salio la kwenye simu linaonyesha kile ambacho benki inakijua saa hiyo. Halijui hundi uliyoandika jana, wala bakshishi, wala madai ya duka lililozembea. Kwa hiyo andika matumizi yako pembeni, hata kwenye daftari la shule la mtoto, na uhesabu kila malipo kuwa yametoka siku uliyoyafanya.

Inaniuma hadi leo kwamba siku nalipia vile vyakula pesa ilikuwepo. Si mimi peke yangu. Mwaka 2022 CFPB, ofisi ya serikali inayowalinda wateja wa huduma za fedha, iliiamuru Regions Bank ilipe dola milioni 191 kwa ada za kushtukiza za namna hii, ambapo mteja alikuwa na salio la kutosha alipopitisha kadi, akaja kutozwa ada ya ovadrafti, yaani ya kutumia zaidi ya salio lake, malipo yalipokamilika. Katika hizo, milioni 141 zilikuwa za kuwarudishia wateja.

"Kama pesa haitoshi, kadi itakataa yenyewe."

Inategemea ulijibu nini siku ya kufungua akaunti. Tangu mwaka 2010 sheria ya shirikisho inaikataza benki kukutoza ada ya ovadrafti kwa ununuzi wa kadi wa mara moja au kwa kutoa pesa ATM, isipokuwa kama umekubali mapema huduma hiyo. Usipokubali, kadi inakataliwa bila gharama. Tatizo ni jinsi swali linavyoulizwa. Mimi niliulizwa kama ningependa benki "inisaidie" siku ambazo pesa haitoshi. Nani angekataa msaada? Niliweka sahihi, na sikujua kwamba msaada wenyewe ni dola 35 kila unaponifikia.

Waliotumia Fuliza kule Kenya au Songesha kule Tanzania wanajua ovadrafti ni nini. Lakini ada nyingi za huku ni bei moja, uwe umezidisha dola 3 au 300. Utafiti wa CFPB wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ada nyingi za ovadrafti za kadi zilitokana na ununuzi wa dola 24 au chini ya hapo. Yaani chakula cha mchana kinaweza kukugharimu zaidi ya mara mbili ya bei yake.

Habari njema ni kwamba kibali ulichotoa unaweza kukiondoa siku yoyote, kwa simu, tawini, na mara nyingi hata kwenye programu. Mgeni yeyote ninayemsindikiza namwambia akiondoe siku hiyohiyo. Ila ajue pia mahali ambapo kinga hiyo inaishia: hundi, bili zinazojikata moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, na malipo ya kadi yanayojirudia kila mwezi kama ya gym au filamu, hayamo. Hayo yanaweza kukutoza hata kama hukukubali chochote. Yaandike tarehe zake.

"Nimeweka hundi Ijumaa jioni, kwa hiyo wikiendi nina pesa."

Ukiweka baada ya saa ya benki kufunga hesabu, Ijumaa jioni ni sawa na Jumatatu. Hundi ya kawaida huchukua hadi siku ya pili ya kazi, na nyingine zaidi. Sehemu ndogo ya mwanzo, dola 275 tangu Julai 2025, ndiyo hutolewa siku ya kazi inayofuata. Pesa taslimu ukimkabidhi keshia, kwa kawaida inapatikana kufikia siku ya kazi inayofuata. Na hata hundi ikionekana imeingia, inaweza kurudi baadaye ikiwa ni ya bandia, na pesa uliyoitumia ikawa deni lako. Matapeli wanalijua hilo vizuri sana, hasa wanaowatafuta wageni.

"Nikibonyeza 'credit' kwenye mashine, inakuwa mkopo."

Haiwi. Kadi ni ileile na pesa inatoka kwenye akaunti ileile. Kinachobadilika ni njia ambayo malipo yanapitia.

"Malipo hukatwa kwa foleni, aliyetangulia hutangulia."

Kila benki ina utaratibu wake, na uko ndani ya yale makaratasi unayopewa. Tuseme una dola 100. Umenunua vitu vya dola 10, 15 na 20, kisha ikaja bili ya 95. Zikikatwa kwa foleni, ni bili peke yake inayozidi, ada moja. Benki ikianza na kubwa, bili inapita, zinabaki dola 5, na vile vidogo vitatu vyote vinaangukia kwenye hasi: ada tatu, dola 105. Wells Fargo ilishtakiwa kwa mpangilio huo huko California, na mwaka 2010 jaji akaiamuru irudishe takriban dola milioni 203.

"Serikali imeshaweka kikomo, hawawezi kutoza zaidi ya dola 5."

Kanuni hiyo ilitangazwa kweli, Desemba 2024, kwa benki kubwa, ianze Oktoba 2025. Bunge la Marekani likaifuta na Rais Trump akatia sahihi Mei 2025. Haikuwahi kuanza kazi. Nafuu iliyopo ni ya benki zenyewe: Capital One na Citibank ziliondoa ada hii mwaka 2022, na Bank of America ikaishusha mwaka huohuo kutoka dola 35 hadi 10. Ziko pia akaunti zenye cheti cha Bank On, ambazo hazina ada ya ovadrafti kabisa na makato yake ya mwezi kwa kawaida hayazidi dola 5. Ukifika tawini uliza kwa jina hilo.

"Akaunti ikiwa hasi, iache. Fungua nyingine benki ya jirani."

Dada, kaka, usifanye hivi. Benki itaifunga akaunti na kupeleka jina lako ChexSystems, kampuni inayotunza rekodi za wateja wa benki, ambako rekodi inaweza kukaa miaka 5, na benki ya jirani huangalia hukohuko kabla ya kukupokea. Lipa kilichozidi haraka, kisha piga simu. Mimi nilipiga. Nilieleza kwamba ni mara yangu ya kwanza na kwamba siku ya ununuzi pesa ilikuwepo, nikaomba ada ifutwe. Mwanamke aliyepokea alinyamaza kidogo akiangalia hesabu zangu, akairudisha yote 35. Kabla hajakata nikamwomba aondoe na kile kibali.