Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma

Mtu akiniletea kiti cha zamani, swali lake la kwanza karibu kila mara ni: kilibuniwa na nani? Mimi nakipindua kwanza. Kazi yangu ni kukarabati viti vya karne iliyopita vilivyobuniwa na wasanifu majengo, na kwa viti vya aina hii jina nalitazama mwisho. Jina linaweza kuwa stika iliyobandikwa juzi. Kona haibandikwi. Tazama pale ambapo uzito wa mkaaji unageuza njia kuelekea sakafuni, utajua aliyekichora alikuwa anafikiria nini, na utajua pia kama aliyekitengeneza alimwelewa.

Leo nitabaki na ukoo mmoja tu, viti visivyo na miguu ya nyuma, kwa sababu hakuna viti ambavyo wasanifu waliving'ang'ania kama hivi. Walifika hadi mahakamani.

Kwa maelfu ya miaka seremala aliyepewa kazi ya kiti alianza na miguu, minne au mitatu, kisha akatafuta namna ya kuifunga pamoja. Msanifu wa miaka ya 1920 alikuja na mazoea mengine. Kule kwenye ujenzi, zege lenye nondo lilikuwa tayari linamruhusu kutoa roshani nje ya ukuta bila nguzo hata moja chini yake. Kama roshani inaweza kusimama hewani huku watu wamejaa juu yake, kwa nini kiti kihitaji nguzo nne kumbeba mtu mmoja?

Aliyelijibu swali hilo kwa chuma alikuwa Mart Stam, msanifu Mholanzi. Mwaka 1926 aliunganisha vipande vya mabomba ya gesi kwa elbo za fundi bomba, akapata umbo la mraba mraba: chini, mbele, juu, nyuma, basi. Novemba mwaka huohuo wasanifu walikutana Stuttgart, Ujerumani, kupanga maonyesho ya makazi ya Weissenhof, na Stam akawachorea wenzake wazo lake. Mmoja wa waliokuwa mezani alikuwa Ludwig Mies van der Rohe, aliyekuwa anasimamia maonyesho yenyewe. Yalipofunguliwa mwaka 1927, Stam alikuwa na kiti chake pale, na Mies naye alikuwa na cha kwake, ambacho mwaka huohuo alikitafutia hataza.

Ukiviweka viwili hivyo kando kwa kando unaona jambo ambalo picha za vitabuni hazilionyeshi. Kiti cha Stam kilikuwa kigumu. Hakukiamini chuma chake, kwa hiyo bomba lilitiwa vyuma ndani ili lisipinde, na ukikaa ni kama umekaa juu ya benchi. Cha Mies kinanesa. Bomba lake ni tupu ndani, na mahali pa kona ya mbele ameweka upinde mkubwa, nusu duara nzima, unaoanzia chini ya kiti na kushuka hadi sakafuni. Unakaa, kinashuka kidogo, kinakupokea.

Sababu iko kwenye njia ya uzito. Uzito wako unashuka nyuma ya mguu wa mbele, si juu yake, na hivyo mguu ule muda wote unavutwa kupinda kuelekea nyuma. Kinachokuzuia usianguke kichalichali ni lile bomba linalolala sakafuni na kurudi nyuma hadi chini ya makalio yako. Maana yake ni kwamba kila kilo lazima ipite kona mbili kwa kila upande: ya juu, kiti kinapokutana na mguu, na ya chini, mguu unapofika sakafuni. Sasa kona ndiyo sehemu dhaifu ya bomba. Ukilikunja, ukuta wake wa nje unavutika na kuwa mwembamba, na wa ndani unajikunyata. Ndiyo maana mafundi hulijaza mchanga kwanza, lisije likabonyea. Kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo mateso yanavyokusanyika mahali padogo. Mies aliyatawanya mateso hayo kwenye upinde mrefu. Gharama yake ni kwamba upinde unatokeza mbele sana, na kwenye meza ya chakula kiti hicho kinakula nafasi kama mgeni asiyejua kukunja miguu.

Mtu wa tatu ndiye aliyepata kipimo. Marcel Breuer, kijana kutoka Hungaria, alikuwa mkuu wa karakana ya useremala katika shule ya usanifu ya Bauhaus, mjini Dessau, Ujerumani. Alikuwa ameanza kucheza na bomba la chuma tangu 1925, baada ya kuutazama usukani wa baiskeli yake na kujiuliza kwa nini kitu kilichokunjwa vizuri namna ile kiishie kwenye baiskeli. Usanifu majengo wenyewe ulikuja kumpa jina baadaye: makao makuu ya UNESCO jijini Paris, aliyoyachora pamoja na wenzake wawili, na jumba la makumbusho la Whitney jijini New York, lililofunguliwa 1966. Lakini kiti chake cha 1928, ambacho kampuni ya samani ya Thonet ilikiita B32, kwangu mimi kinayazidi majengo hayo yote. Kina mistari minyoofu ya Stam na mneso wa Mies, na juu yake Breuer akarudisha vitu viwili ambavyo mtindo wa usasa ulikuwa umevifukuza: mbao na henzirani, yaani nyuzi za mmea za kusukia viti.

Watu wengi hudhani fremu zile za mbao kwenye kiti na mgongo ni pambo la kupunguza ubaridi wa chuma. Si hivyo. Kipindue uone. Bomba ni moja, mstari mmoja usiokatika: linaanzia juu ya mgongo upande wa kulia, linashuka, linakwenda mbele, linashuka tena kuwa mguu, linarudi nyuma sakafuni, linavuka, kisha linapanda upande wa kushoto kwa njia ileile. Ncha zake mbili ziko juu, na hakuna chuma kinachoziunganisha. Kinachozishika pande mbili zisiachane ni zile fremu za mbao zilizofungwa kwa skrubu. Ukitoa mbao, kiti kinayumba kulia na kushoto. Kwa hiyo mbao hapa zinafanya kazi ya boriti.

Ndiyo maana ugonjwa wa kiti hiki karibu kila mara uko kwenye matundu ya skrubu. Kila anayekaa anakinesesha, kila mneso unaitikisa skrubu kidogo, na baada ya miaka tundu linapanuka. Mwenye kiti anaona kinalegea, anatafuta skrubu nene zaidi, anaikaza, na fremu inapasuka kufuata nyuzi zake. Mimi hutoboa tundu lote likawa safi, nikaziba kwa kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi, nyuzi zake zikikatiza mwelekeo wa skrubu, kisha natoboa upya kwa kipimo cha skrubu ileile ya zamani. Henzirani huja mwisho. Kama imepitishwa kwa mkono kwenye vitundu vilivyozunguka fremu, jiandae kwa siku kadhaa za kazi na mgongo kuuma. Kama ni mkeka uliofumwa kwa mashine na kubanwa kwenye mfereji, ni kazi ya mchana mmoja. Nakala nyingi za bei nafuu ni za mfereji, ila usihukumu kwa hilo peke yake. Fremu nyingi zimekwisha badilishwa.

Turudi kwenye ugomvi. Mfanyabiashara mmoja Mhungaria, Anton Lorenz, aliona mbali kuliko wasanifu wote: alijipatia haki za kiti cha Stam, kisha akaishtaki Thonet iliyokuwa ikiuza vya Breuer. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Ujerumani, kule Leipzig, iliamua kwamba umbo lile la mraba lisilo na miguu ya nyuma ni kazi ya sanaa, na hakimiliki yake ni ya Stam. Breuer aliendelea kudai kwamba wazo lilimjia yeye alipokilaza ubavu kigoda chake cha bomba. Haikumsaidia. Ndiyo maana kwenye katalogi za Thonet kiti kinatajwa kuwa cha Breuer huku hakimiliki ya kisanaa ikiandikwa ya Stam. Mimi naona mahakama ilimpa mstari mtu ambaye hakuweza kuufanya unese, lakini sheria haikai kwenye viti.

Kando kidogo, kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: Stam alifanya kazi Frankfurt katika mradi mkubwa wa nyumba uliosimamiwa na msanifu Mjerumani Ernst May, na mwaka 1930 walikwenda pamoja Urusi ya Kisovieti kupanga miji. May huyohuyo ndiye aliyehamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua kazi ya usanifu Nairobi, akaupangia mji wa Kampala upanuzi wake na kuichora hoteli ya Oceanic kule Mombasa.

Walioipinga chuma hawakulipinga wazo. Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, alikuwa na viti vya Breuer nyumbani kwake. Lakini alipopewa kujenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu kule Paimio, iliyokamilika 1933, alisema bomba la chuma halifai kumzunguka mgonjwa: linanyonya joto la mwili, linarudisha mwanga machoni na linapiga kelele likiguswa. Pamoja na fundi wa samani wa Turku, Otto Korhonen, akatafuta mneso uleule ndani ya mti wa betula unaojaa kwenye misitu ya kwao. Mwaka 1932 wakapata kiti cha mikono chenye pande mbili za mbao zilizopinda, kila upande ni tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja kwenye kalibu. Siri ni nyuzi. Ukichonga kona kutoka kwenye ubao mnene, nyuzi zinakatika palepale uzito unapogeuka. Tabaka nyembamba hukunjwa moja moja, kwa hiyo nyuzi zinapita konani bila kukatika hata moja.

Viti hivi huugua chini, kwenye mpindo wa sakafuni, mahali maji ya kudekia yanapofika. Tabaka zinaanza kuachana, kwanza kama mstari mweusi mwembamba kama unywele. Bonyeza kiti huku sikio likiwa karibu: ukisikia mlio mdogo mkavu, gundi imeachia. Kwenye hatua hiyo bado kinaponyeka, kwa kisu chembamba, gundi ya moto, na jiliwa zilizobanwa juu ya kibao kilichochongwa kufuata mpindo wenyewe.

Gerrit Rietveld wa Utrecht, Uholanzi, mtoto wa seremala aliyegeuka msanifu, alikuwa mbishi zaidi. Kiti chake cha Zig-Zag, cha mapema miaka ya 1930, ni mbao nne bapa tu: mgongo, kiti, ubao wa mshazari, na ubao wa chini. Hakuna kupinda hata kidogo. Kona kali zote zimekaa uchi, jambo ambalo mhandisi angekukataza. Ndani ya kona hizo kuna kabari za mbao za pembetatu zinazobana mbao mbili zisifunguke. Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote kwa ujasiri, lakini sebuleni kwangu simweki: kinachosha mgongo.

Wa mwisho kwenye ukoo ni Verner Panton, Mdenmaki aliyesomea usanifu majengo na kufanya kazi kwa msanifu mwenzake wa Denmaki, Arne Jacobsen. Mwaka 1967 kiti chake cha plastiki, kipande kimoja kisicho na kiungo popote, kilitoka kiwandani. Hapa kupindua kiti kunalipa kabisa, kwa sababu plastiki yake ilibadilishwa mara kadhaa. Ukiona mbavu ndogo kwa chini, pale kiti kinapoteremka kuwa mguu, umeshika toleo la miaka ya 1970. Plastiki ya toleo hilo ilikuwa rahisi kumimina, lakini haikuvumilia jua na miaka. Viti vikaanza kuvunjika na uzalishaji ukasimamishwa mwaka 1979. Mbavu ziliwekwa kuisaidia kona. Nyufa huanzia hapohapo, pembeni ya mbavu, na gundi ya plastiki huziba ufa bila kurudisha nguvu. Nikiletewa kilichopasuka namna hiyo nakisafisha, nakiunga, na kumwambia mwenyewe akiweke mahali ambapo hakuna mgeni atakayeshawishika kukikalia.