Mkono unanyoosha, mguu unachechemea

Duka la mjomba wangu la ushonaji lilikuwa Ngamiani, Tanga: chumba kimoja chenye mlango wa mbao, na ndani yake vitu viwili nilivyokatazwa kuvigusa, cherehani ya miguu na gramafoni. Santuri alikuwa nazo chache, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Fats Domino, mwimbaji na mpiga piano wa New Orleans, Marekani. Kiingereza sikukijua, wala sikujua New Orleans iko upande gani wa dunia. Nilichokijua ni kwamba mjomba akikanyaga cherehani huku santuri inazunguka, palikuwa na mambo mawili yasiyokubaliana. Cherehani ilikwenda ti-ti-ti-ti, sawasawa kama mvua juu ya bati. Santuri ilikwenda taa-ti, taa-ti, kama mtu aliyechomwa mwiba unyayoni. Na vilipendeza pamoja! Nilikuwa na miaka kama minane. Baadaye nikapiga dramu katika bendi za dansi zaidi ya miaka thelathini, sasa nafundisha vijana, na mpaka leo nikisikiliza rokenroli ya mwanzo nakitafuta kitu kilekile.

Wapenzi wa muziki huu wakikutana, ubishi haukawii: santuri ipi ilikuwa ya kwanza? Mmoja atamtaja Sister Rosetta Tharpe, mwanamama mwimbaji wa injili aliyelicharaza gitaa la umeme katika "Strange Things Happening Every Day" mwaka 1944. Mwingine atasema "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis mwaka 1951 na bendi ya Ike Turner huku Jackie Brenston akiimba. Humo gitaa linakoroma kwa sababu kikuza sauti chake kiliharibika, wakakijaza makaratasi ili kipige hivyohivyo. Napenda kuusikiliza ubishi huo, lakini kwangu jibu haliko kwenye tarehe. Liko kwenye mikono na miguu ya mpiga dramu.

Nieleze kwanza, maana bila hili mengine hayatashikika. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, polepole, huku ukigonga meza. Sasa kila pigo ligawe vipande viwili vilivyo sawa: ti-ti, ti-ti, ti-ti, ti-ti. Hiyo ni cherehani ya mjomba, na vijana wangu nawaambia huko ni kunyoosha. Rudi mwanzo, pigo lilelile ligawe vipande vitatu, ukigonge cha kwanza na cha tatu, cha katikati ukiruke: taa-ti, taa-ti. Huko ni kuchechemea. Bluzi ilichechemea, jazi ilichechemea, piano za bugi-wugi zilichechemea. Roki inayopigwa leo karibu yote imenyooka. Katikati, tuseme kuanzia 1955 hadi 1959, kuna miaka michache ambamo wanamuziki wa bendi moja, ndani ya chumba kimoja, wimbo mmoja, walikuwa wengine wananyoosha na wengine wanachechemea. Hiyo ndiyo rokenroli ninayoipenda.

Mtu wa kumfuata ukitaka kuyasikia mabadiliko hayo ni Earl Palmer. Alizaliwa New Orleans mwaka 1924, na kabla hajawa mpiga dramu alikuwa mtoto wa jukwaani, akicheza dansi ya viatu vya chuma pamoja na mama yake. Mpiga dramu aliyeanzia miguuni humtambua tu. Tarehe 10 Desemba 1949 alikuwa kwenye studio ya Cosimo Matassa, chumba kidogo nyuma ya duka katika mtaa wa North Rampart, wakirekodi "The Fat Man" ya Fats Domino. Palmer alieleza baadaye kwamba katika jazi ya zamani ya mji wao, pigo la pili na la nne lilikazwa mwishoni tu, wimbo unapofikia kilele. Wanaojua dansi wataelewa nikisema ni kama kungoja chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka. Siku ile aliyakaza tangu mwanzo mpaka mwisho. Moja, MBILI, tatu, NNE, bila kupumzika. Kilele kikawa wimbo mzima.

Lakini bado alikuwa anachechemea. Mkono wa kunyoosha uliletwa na mtu mwingine, tena kwa uhaba wa muda.

Septemba 1955 kampuni ya santuri ya Specialty ilimpeleka Little Richard, mwimbaji Mweusi, kwenye studio hiyohiyo. Kazi haikuwa inakwenda vizuri. Alikuwa akiimba huku piano inapigwa na Huey Smith, mpigaji hodari wa mji ule, na nyimbo zilitoka safi lakini baridi. Wakaenda kula Dew Drop Inn, na pale Richard akaikalia piano ya klabu na kuupiga wimbo wake wa mabaa wenye maneno machafu. Bumps Blackwell, aliyekuwa akisimamia kazi, akasikia alichokuwa akikitafuta siku zote. Akaitwa Dorothy LaBostrie, mtunzi kijana, awasafishie maneno. Yalipokuwa tayari, muda wa studio ulikuwa unakaribia kwisha. Hapakuwa na nafasi ya kumfundisha Huey Smith wimbo mpya, kwa hiyo Richard akapiga piano mwenyewe. Ndivyo ilivyopatikana "Tutti Frutti".

Isikilize kwa masikio ya fundi. Mkono wa kulia wa Richard unagongagonga vipande vilivyo sawa, vidole vyote, cherehani tupu. Palmer nyuma yake anachechemea, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Yeye mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kwamba anajisikia mle akipiga mdundo wa zamani, na kwamba alianza kunyoosha kwa ajili ya kulingana na mkono ule. Mtu akiigonga piano namna hiyo, huwezi kumpinga muda mrefu. Ruka hadi "Lucille", iliyotoka 1957, uone alikofika: bendi nzima imenyooka kama reli. Nakiri "Lucille" ni kazi kubwa, na nimeipiga jukwaani mara nyingi. Hata hivyo, moyo wangu uko kwenye "Tutti Frutti", kwa sababu mle watu wawili bado hawajakubaliana, na kule kutokukubaliana ndiko kunakomnyanyua mtu kitini.

Ukitaka ushahidi wa kinyume chake, Pat Boone, mwimbaji mzungu, aliurudia wimbo huo, na toleo lake likapanda juu zaidi kwenye orodha ya nyimbo za wazungu kuliko la Richard mwenyewe. Kila kitu kipo: noti, maneno, saksafoni. Mvutano haupo. Kila nikiwapigia vijana wangu matoleo hayo mawili moja baada ya jingine, sihitaji kueleza kitu, ingawa naumia kila mara nikikumbuka nani alifunguliwa mlango na nani aliachwa barazani.

Kilomita mia kadhaa kaskazini, Memphis, tatizo la mdundo lilitatuliwa bila dramu kabisa. Julai 1954 Sam Phillips, mwenye studio ya Sun pale 706 Union Avenue, alikuwa na vijana watatu tu: Elvis Presley na gitaa la kawaida, Scotty Moore na gitaa la umeme, Bill Black na besi kubwa ya kusimama. Waliuchukua "That's All Right" wa Arthur Crudup, mwanabluzi Mweusi aliyeurekodi mwaka 1946, na ambaye alikufa mwaka 1974 bila kulipwa haki zake ipasavyo. Black hakuvuta nyuzi peke yake; alizipiga zikarudi na kugonga ubao wa besi, tak, tak, katikati ya noti. Hiyo ndiyo iliyokuwa dramu yao.

Kisha kuna mwangwi wa Sam Phillips, ambao ukishaujua hutausahau. Alikuwa na mashine mbili za kanda. Moja ilirekodi, na sauti ileile ikapitishwa kwenye mashine ya pili, yenye kichwa kimoja cha kuandika sauti na kingine cha kuisoma. Kati ya vichwa hivyo kuna umbali wa sentimita tano hivi, na kanda inakwenda sentimita 38 kwa sekunde. Gawanya: sauti inasomwa sekunde 0.13 baada ya kuandikwa. Phillips aliirudisha hiyo sauti iliyochelewa ikachanganyika na ya kwanza. Hailii kama mwangwi wa pangoni, unaofifia na kurudi. Inalia mara moja tu, kama kofi. Kila mkwaruzo wa gitaa ukawa miwili, kila tak ya besi ikawa tak-tak, na bendi ya watu watatu ikapata mpigaji wa nne ambaye hakuwepo chumbani. Novemba 1955 kampuni ya RCA ilimnunua Elvis kutoka Sun kwa dola 35,000. Januari iliyofuata, walipokuwa wakirekodi "Heartbreak Hotel" kule Nashville, mafundi wao walitaka sauti ile wakashindwa kuipata, wakaishia kutumia korido ya jengo kutengeneza mwangwi. Ni santuri nzuri, lakini mwangwi wake ni wa ukumbi. Ule wa Memphis ulikuwa wa mdundo.

Chuck Berry ndiye anayenipa kazi zaidi darasani. Kwenye "Johnny B. Goode", iliyorekodiwa kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Chess ya Chicago mwanzoni mwa 1958, gitaa la rizimu linanyoosha bila huruma, na nyuma yake Fred Below, mpiga dramu aliyetokea kwenye jazi, anachechemea kwa furaha zake zote. Kijana anayejifunza leo kutoka kwenye video huupiga wote umenyooka, na haelewi kwa nini hausogei. Santuri hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye sahani ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977, kwa hiyo ule ubishi wa gitaa na dramu sasa umetoka nje ya jua na sayari zake. Buddy Holly na wenzake wa Texas nawapitia haraka, si kwa kuwadharau. Mpiga dramu wao, Jerry Allison, katika "Everyday" ya 1957 alijipiga mapajani badala ya dramu, na pale inatosha kabisa.

Bo Diddley, mpiga gitaa, ni habari nyingine, na hapa sisi wa huku tuna la kusema. Mdundo wake wa 1955, mapigo matatu yaliyoachana kisha mawili yaliyokaribiana, wasikilizaji wengi wa Marekani waliuona wa ajabu. Mtu aliyekulia kwenye dansi haoni ajabu. Ni mdundo uleule wa Kikuba wa claves, vijiti viwili vinavyogonganishwa, uliotufikia kwa santuri za G.V., zilizoleta muziki wa Kuba Afrika, tangu miaka ya 1930, ukaingia kwenye rumba ya Kongo na kwenye bendi zetu. Bo Diddley hakuutoa Kuba. Unafanana na ule wa mitaani, wa watoto waliojipiga mapaja na vifua, mchezo unaorudi nyuma hadi mashambani kwa watumwa. South Carolina, baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, watumwa walikatazwa kupiga ngoma, na mwili wenyewe ukawa ngoma. New Orleans mambo yalikuwa tofauti: Jumapili waliruhusiwa kukusanyika kwenye uwanja ulioitwa Congo Square, wakapiga na kucheza. Uwanja huo uko kwenye mtaa wa North Rampart. Studio ya Matassa ilikuwa mtaa huohuo, hatua chache tu kutoka pale. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikatoka nje.

Njia ya kuja kwetu ilipitia twist mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Nairobi ndiko ilikotia mizizi, kwa akina Daudi Kabaka, mwimbaji wa bendi ya Equator Sound. Twist yake ya Kiafrika haikuiga; gitaa lilinyooka, lakini chini yake kuna mtikisiko wa kwao. Mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza ikaurudia "Helule Helule" wake. Hapo mkondo ulikuwa umegeuka, angalau kwa wimbo mmoja.

Lakini kufikia wakati huo wapiga dramu wa roki walikuwa wamenyooka karibu wote, na Palmer alikuwa Los Angeles tangu 1957, akipiga kwenye studio za kule kila alichoitiwa. Sisemi muziki uliharibika. Nasema kuna kitu kiliacha kupigwa, na mtu akitaka kukipiga leo ni lazima akifundishe mwili upya.

Zoezi ninalotoa ni hili. Mkono wa kulia unanyoosha kwenye sahani, mguu unachechemea kwenye dramu kubwa, mkono wa kushoto unakaza la pili na la nne, dakika kumi mfululizo. Wengi huvunjika dakika ya pili: ama mguu unanyooka kuufuata mkono, ama mkono unaanza kuchechemea. Nilipokuwa kijana mimi mwenyewe nilivunjika miezi mitatu, na kiongozi wa bendi yetu akaniambia niende nyumbani nikalale. Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka kumi na sita alifika dakika ya kumi bila kuyumba. Nikamwuliza amewezaje. Akafuta jasho, akasema, "Mwalimu, mkono nimeuazima kwa piano, mguu nimeuacha kwa besi. Mimi nimebaki na la pili na la nne tu."