Kumbukumbu ipimwe kabla ya mionzi

"Daktari, mama anatujua wote, ila ukimwambia jambo asubuhi, mchana halipo tena." Maneno ya aina hii nayasikia kliniki, mara nyingi miezi kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza mionzi ya kichwa. Uvimbe wa kichwani umenywea, kichwa hakiumi, familia imeshukuru. Kisha sufuria inaungua jikoni, na dawa za asubuhi zinamezwa mara mbili. Kwa miaka mingi sisi madaktari wa mionzi tulikuwa wepesi kujibu kwamba ni ugonjwa wenyewe, au ni umri. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni mionzi tuliyompa.

Madhara ya mionzi kwenye ubongo huja kwa awamu. Siku na wiki za mwanzo ubongo huweza kuvimba, mgonjwa akatapika na kuumwa kichwa; deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, humtuliza. Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita huja usingizi mwingi na uzito wa kufikiri, ambao kwa kawaida huisha wenyewe. Baada ya miezi sita ndipo huibuka yale yasiyorudi nyuma kirahisi: sehemu ya ubongo kufa, yaani nekrosisi, na akili kudhoofika polepole.

Tulifundishwa kwamba chanzo ni mishipa midogo ya damu na utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva. Si uongo, ila mwaka 2002 mtafiti Michelle Monje na wenzake walionyesha kwa panya jambo lililogeuza utafiti wote huu. Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, kuna hipokampasi, sehemu ndogo inayohifadhi mambo mapya. Humo wamo seli shina wanaozaa seli mpya za neva. Mionzi ilizima uzazi huo, na kilichonishangaza nilipousoma utafiti ule ni hiki: hata seli shina wazima, wasioguswa na mionzi, walipopandikizwa humo walishindwa kuwa neva. Mazingira yenyewe yalikuwa yameharibika, maikroglia, yaani walinzi wa ubongo, wakiwa wameamka na kuchochea uvimbe wa kinga ya mwili, si wa saratani. Mwaka uliofuata kundi hilo liliwapa panya indomethasini, dawa ya kawaida ya maumivu, na uzazi wa neva ukaongezeka.

Basi, kama tatizo limejikusanya mahali padogo hivyo, kwa nini tusipakwepe? Jaribio la RTOG 0933, lililochapishwa 2014, lilifanya hivyo. Wagonjwa ambao saratani ilikuwa imesambaa kichwani walipata grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 10 katika ubongo wote, lakini mionzi ilipangwa iizunguke hipokampasi, na milimita 5 za nafasi pembeni yake. Baada ya miezi minne alama za kumbukumbu zilishuka kwa wastani wa 7%, ikilinganishwa na 30% kwa wagonjwa wa zamani waliotibiwa bila kukwepa. Kujilinganisha na watu wa zamani ni msingi dhaifu. Jibu lililonitosheleza lilikuja 2020, katika jaribio la NRG CC001: wagonjwa 518, wote wakinywa memantini, dawa ya kulinda kumbukumbu, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kwa waliokwepwa hipokampasi, hatari ya akili kudhoofika ilipungua kwa takriban robo, na hawakuishi muda mfupi zaidi.

Njia ya pili ni kutoupiga ubongo wote pale vivimbe vinapokuwa vichache. Katika utafiti wa Eric Chang huko Houston mwaka 2009, kuongeza mionzi ya ubongo wote juu ya ile inayolenga vivimbe tu kulipandisha uwezekano wa kumbukumbu kushuka kutoka 24% hadi 52%. Kwa sababu hiyo walisitisha jaribio mapema. Kwa nekrosisi tuna bevasizumabu, ambayo hupunguza majimaji yanayovuja kwenye mishipa, ingawa bei yake wengi hawaiwezi. Ipo pia mionzi ya kasi kubwa mno, FLASH, iliyohifadhi kumbukumbu za panya. Kwa ubongo wa binadamu bado ni mapema kuahidi.

Ila namba hizo za kumbukumbu zimetegemea sana kipimo kimoja rahisi: mgonjwa husomewa maneno 12, akaulizwa papo hapo, kisha akaulizwa tena baada ya dakika kama ishirini. Orodha mojawapo ya Kiingereza ina vito vya thamani. Tafsiri neno kwa neno, utamsomea mkulima wa Kasulu "zumaridi" na "yakuti", kisha uandike kwamba amesahau. Hajasahau, neno hajawahi kulitumia. Tunahitaji orodha ya Kiswahili iliyojaribiwa kwa watu wetu wazima na wagonjwa, waliosoma na wasiosoma, na hiyo si kazi ya kusubiri mashine mpya.

Kwa sasa, kabla ya kipindi cha kwanza, namuita ndugu anayeishi na mgonjwa na kumuuliza: anahesabu mwenyewe chenji ya sokoni? Anakumbuka namba yake ya siri ya simu? Anaswali bila kupoteza hesabu ya rakaa? Majibu nayaandika kwenye faili, na tarehe. Faili la yule mama niliyeanza naye halikuwa na mstari hata mmoja wa namna hiyo. Mwanawe aliponiuliza ni lini hasa ilianza, nilifungua kurasa zote mbele yake, na sikuwa na cha kumwonyesha.